Mali bila daftari: Je, kalenda yaweza kukutajirisha katika soko la hisa?

Huenda ushauri huu umekwisha kufika masikioni mwako, iwe ni kazini, ndani ya matatu au kwenye kikao cha chama: "Nunua hisa Desemba watu wakiwa wamekwenda mashambani kwa Krismasi, kisha uza Januari inapomalizika." Mwingine atakuambia kwamba Jumatatu ndiyo siku ya kununua na Ijumaa ndiyo ya kuuza. Wa tatu ataapa kwamba mwenye busara huondoka sokoni mwezi wa Mei na kurudi Novemba. Wote watatu wanategemea chombo kimoja, nacho ni ile kalenda iliyotundikwa ukutani kwako.

Mkazi wa mtaani, awe anaishi Kibera upande wa Olympic au ng'ambo ya Barabara ya Ngong huko Kawangware, hahitaji kufundishwa kwamba kalenda ina nguvu. Anajua kwamba mwenye nyumba atabisha hodi mwezi unapoanza. Anajua kwamba muuza nyama hufurahi mwisho wa mwezi na kupiga miayo ifikapo tarehe 20. Anajua pia kwamba sare za shule hupanda bei Januari, na kwamba mvua za Aprili zinaponyesha makaa huwa ghali. Mtu wa aina hiyo akiambiwa kwamba hata bei za hisa zina majira yake, ataitikia kwa kichwa kabla hajauliza swali lolote.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tuseme akina mama kumi wa chama kimoja wametoa shilingi 1,000 kila mmoja, na sasa wana shilingi 10,000 ambazo Februari zitahitajika kwa karo. Je, wazitie katika hisa mwezi wa Desemba kwa sababu ya kanuni ya kalenda? Jibu lisitoke kwa mwenye sauti kubwa kikaoni. Kanuni ya aina hii yaweza kupimwa kwa kalamu, daftari na hesabu za shule ya msingi. Wahenga walikwisha kunena kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

GUNIA LA MAHINDI NA CHETI CHA HISA

Kwanza tutazame kalenda inayofanya kazi kweli. Mahindi ya Bonde la Ufa huvunwa kuanzia Oktoba, na wakati huo bei ya gunia hushuka. Ifikapo Mei au Juni ghala zimepungua na bei imepanda. Mfanyabiashara wa nafaka anayenunua wakati wa mavuno na kuuza wakati wa uhaba hapigi ramli. Kuna sababu inayojulikana, yaani mahindi hayavunwi kila mwezi. Tena faida yake ina jasho ndani yake, maana lazima alipie ghala, akaushe nafaka, apambane na fukusi na panya, na ajihadhari na wezi. Si kila mtu ana nafasi ya kuweka magunia 50 chini ya kitanda.

Hisa ni kitu kingine. Hisa ni sehemu ndogo ya umiliki wa kampuni, na haihitaji ghala wala dawa ya wadudu. Kama watu wote wangejua kwa hakika kwamba hisa fulani itapanda Januari, wangeikimbilia Desemba. Kukimbilia huko kungepandisha bei Desemba hiyo hiyo, na Januari ingebaki bila faida ya kugawa. Wajanja zaidi wangenunua Novemba ili wawatangulie wenzao. Kwa hiyo kanuni inayojulikana na kila mtu hujimaliza yenyewe, isipokuwa kama kuna kitu kinachowazuia watu kuifuata.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza la kumwuliza anayekushauri ni hili: sababu yake ni nini, na kwa nini wengine hawajaitumia hadi ikaisha?

KANUNI HIZI ZILIANZIA WAPI

Usidhani kwamba kanuni hizi ni porojo za vijiweni tu. Wasomi wamezichunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1942 Mmarekani Sidney Wachtel aliandika kwamba bei za hisa nchini mwake zilikuwa na tabia ya kupanda Januari. Mwaka 1976 Michael Rozeff na William Kinney walipima hisa za soko la New York kuanzia 1904 hadi 1974. Waliona kwamba Januari ilileta wastani wa karibu asilimia 3.5, hali miezi mingine ilileta karibu nusu asilimia tu kila mmoja. Mwaka 1980 Kenneth French alitazama miaka ya 1953 hadi 1977 na kukuta kwamba kwa wastani Jumatatu ilikuwa siku ya hasara. Nao Sven Bouman na Ben Jacobsen, mwaka 2002, walieleza kwamba miezi ya Novemba hadi Aprili iliishinda miezi ya Mei hadi Oktoba katika nchi 36 kati ya 37 walizozichunguza.

Sababu moja iliyotajwa sana kuhusu Januari ya Marekani ni kodi. Mmarekani aliyepata hasara katika hisa anaweza kuziuza Desemba ili hasara hiyo impunguzie kodi ya mwaka unaokwisha. Wauzaji wakiwa wengi bei hushuka, na Januari wanunuzi wanaporudi bei hupanda. Sababu hiyo inaeleweka. Lakini je, yaweza kupanda ndege ikaja hadi Nairobi? Kenya ilisimamisha kodi ya faida ya mauzo ya mali mwaka 1985. Kodi hiyo iliporudishwa mwaka 2015 kulizuka mabishano, na hatimaye hisa zinazouzwa sokoni zikasamehewa. Mkenya basi hana haja ya kukimbilia kuuza hisa Desemba kwa ajili ya kodi hiyo. Kanuni imesafiri na sababu yake ikabaki ng'ambo.

Hata hivyo, soko letu nalo limechunguzwa. Mwaka 2009 mtafiti Samuel Onyuma alichapisha uchunguzi wa bei za hisa za Nairobi kuanzia 1980 hadi 2006. Aligundua kwamba Jumatatu ndiyo iliyokuwa na matokeo mabaya zaidi, na kwamba Ijumaa na mwezi wa Januari ndivyo vilivyoleta faida kubwa zaidi. Mshauri wa chama chako anaweza kushika utafiti huo mkononi na kusema, "Mnaona? Imethibitishwa!"

Utafiti ulionyesha yaliyotokea hadi 2006. Chama hakinunui hisa za 2006, na kwa hiyo tunapaswa kuuliza yaliyofuata.

SOKO LENYEWE

Kabla ya kuhesabu, tulikumbuke soko lenyewe kwa ufupi, maana kuna wanafunzi wanaosoma ukurasa huu. Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa rasmi mwaka 1954 kama chama cha madalali wa hisa. Kwa miaka mingi biashara ilifanywa kwa mapatano ya mdomo huku watu wakinywa kahawa katika hoteli ya Stanley. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua hadi baada ya uhuru wa 1963. Mwaka 1988 serikali iliuza asilimia 20 ya benki ya KCB kwa umma. Mwaka 1996 ikafuata Kenya Airways, mwaka 2006 KenGen, na mwaka 2008 Safaricom kwa shilingi 5 kila hisa.

Mauzo hayo ya Safaricom ndiyo yaliyowaleta watu wa mitaa ya kawaida katika foleni za madalali. Mamia ya maelfu ya Wakenya waliomba hisa, wengine kwa mikopo, wakitarajia kuuza upesi kwa bei maradufu. Hisa hizo zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008. Kabla ya mwaka huo kwisha bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 4. Aliyekopa alibaki na deni la benki mkononi.

Kwa miaka mingi mnunuzi mdogo alilazimika kununua angalau hisa 100 kwa mpigo. Mwaka 2025 soko liliruhusu mtu anunue hata hisa moja. Ni jambo jema kwa mwenye kipato kidogo, ila pia linamaanisha kwamba ushauri mbovu sasa waweza kumfikia hata mwenye shilingi 50.

JANUARI KUMI NA MOJA

Sasa tuipime kanuni ya Januari. Tutatumia kipimo cha hisa 20 cha soko la Nairobi, ambacho hujumlisha mwenendo wa bei za kampuni 20 na huchapishwa katika magazeti. Tununue siku ya mwisho ya biashara Desemba, tuuze siku ya mwisho ya biashara Januari. Kwa kuwa utafiti uliokwisha kutajwa uliishia 2006, tutaanza na Januari ya 2007, ili tusiipime kanuni kwa miaka ile ile iliyoizaa. Tumekadiria hadi asilimia nzima:

2007: ilipanda 2
2008: ilishuka 13
2009: ilishuka 9
2010: ilipanda 10
2011: ilipanda 1
2012: ilipanda 1
2013: ilipanda 7
2014: ilishuka 1
2015: ilipanda 2
2016: ilishuka 7
2017: ilishuka 12

Hesabu mwenyewe. Januari 6 zilipanda na 5 zilishuka. Ungerusha sarafu mara 11 usingeshangaa kupata jibu kama hilo. Tena zile zilizoshuka zilishuka kwa kishindo kuliko zilivyopanda zile nyingine. Shilingi 10,000 zilizofuata kanuni hii kwa Januari zote 11 zingebaki karibu 7,900, na bado hatujalipa ada ya mtu yeyote.

Tazama pia yaliyomo ndani ya tarakimu hizo. Mwanzoni mwa 2008 kipimo kilikuwa karibu pointi 5,445, na Januari ilipokwisha kilikuwa karibu 4,713. Mkazi wa Kibera hahitaji kuelezwa sababu. Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 27 Desemba 2007, nchi ilikuwa katika ghasia, soko la Toi lilikuwa limeteketezwa, na reli inayopita mtaani iling'olewa. Kanuni ya kalenda haikujua lolote kuhusu hayo. Mwaka 2009 dunia nzima ilikuwa katika msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani. Mwaka 2017 mabenki, ambayo ni sehemu kubwa ya soko letu, yalikuwa chini ya sheria ya 2016 iliyowekea riba kikomo, na kipimo kilianguka kutoka karibu 3,186 hadi karibu 2,794 katika mwezi mmoja.

Je, tunaweza basi kusema kwamba Januari ni mwezi mbaya na kwamba tuuze Desemba? Hapana. Hilo lingekuwa kosa lile lile kwa sura nyingine. Miaka 11 haitoshi kuthibitisha kanuni mpya. Inatosha tu kuonyesha kwamba ile kanuni ya zamani haikuwalinda waliokuja baadaye.

ADA INAYOKULA KIMYAKIMYA

Sasa tulete dalali. Ununuapo hisa hulipa ada ya dalali pamoja na tozo za soko, za mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji na za hifadhi ya hisa. Kwa mnunuzi mdogo jumla yake imekuwa ikikaribia shilingi 2 kwa kila 100. Uuzapo hulipa tena. Maana yake, kununua Desemba na kuuza Januari kunakula karibu shilingi 4 kwa kila 100, hata kama bei haikusogea. Uliza dalali wako kiwango chake kamili, kisha ukiandike katika daftari.

Rudi kwenye zile Januari 11. Ukiondoa ada hizo kila mwaka, zile 7,900 zinakuwa karibu 5,000. Nusu ya fedha za chama imekwenda.

Mtu wa haki atauliza: na aliyenunua mwisho wa 2006 akakaa kimya bila kuuza, alipata nini? Kipimo kilikuwa karibu 5,646 wakati huo. Kufikia mwisho wa Januari 2017 kilikuwa 2,794, yaani naye thamani yake ilibaki karibu nusu. Tofauti ni kwamba huyu alilipa ada mara moja tu, na kwa miaka yote hiyo alipokea mgao wa faida kutoka kwa kampuni, jambo ambalo kipimo cha hisa 20 hakilihesabu. Naye aliyefuata kanuni ya Januari ana utetezi wake, kwamba kwa miezi 11 ya kila mwaka fedha zake zilikuwa huru kuzaa riba mahali pengine. Hesabu ya haki huandika pande zote mbili. Lakini riba hiyo ingetoka benki au katika ushirika, wala haikuletwa na Januari.

Kanuni ya Jumatatu na Ijumaa ni mbaya zaidi. Ukinunua kila Jumatatu na kuuza kila Ijumaa kwa wiki 50, na bei isisogee hata senti, ada peke yake itazifanya shilingi 10,000 kuwa karibu 1,300. Tena hisa ulizonunua Jumatatu hukamilishwa malipo baada ya siku tatu za kazi, na zipo kampuni ambazo hisa zake hupita siku kadhaa bila mnunuzi. Hata kama Jumatatu kweli ina unyonge wake, tofauti ya sehemu ndogo ya asilimia haiwezi kulipia ada za asilimia 4.

SARAFU YA TWIGA

Kuna mtego mwingine, nao huwanasa hata wasomi. Fanya jaribio hili nyumbani au darasani. Chukua sarafu mpya ya shilingi moja, ile yenye twiga upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Kila mwanafunzi katika darasa la watu 32 airushe mara tano. Kwa wastani mwanafunzi mmoja atapata twiga mara zote tano. Je, ana kipaji cha kurusha sarafu? La. Walikuwa wengi, na si ajabu mmoja wao kubahatika.

Kanuni za kalenda ni kama darasa hilo. Ukichagua mwezi mmoja wa kununua na mwezi mwingine wa kuuza, kuna kanuni 132 tofauti. Zikiwa zote ni bahati tupu kama sarafu, na ukizipima kwa miaka 5, utarajie kwamba karibu 4 kati yake zitakuwa zimeshinda kila mwaka. Mtu akikuletea moja tu kati ya hizo 4, akaficha zile 128 zilizoanguka, utamwona kama nabii. Ongeza siku za juma, wiki ya kwanza ya mwezi, siku za kabla ya sikukuu na miaka ya uchaguzi, na orodha ya kanuni itafika maelfu.

Wataalamu watatu, Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White, walilichunguza jambo hili hasa mwaka 2001. Walitumia takwimu za kila siku za miaka 100 za soko la Marekani, nao wakazihesabu maelfu ya kanuni za kalenda ambazo mtu angeweza kuzijaribu. Mara tu walipozingatia wingi wa majaribio hayo, hata ile kanuni bora kabisa haikuweza kutofautishwa na bahati.

JINSI YA KUPIMA MWENYEWE

Sasa, msomaji, ukiletewa kanuni ya kalenda kesho, fanya hivi.

Kwanza, iandike kanuni kwa maneno kamili kabla hujatazama bei hata moja. Andika kinachonunuliwa, siku ya kununua na siku ya kuuza. Kanuni inayosema "karibu na Krismasi" haipimiki, maana mwenyewe ataisogeza kila mwaka ili ishinde.

Pili, andika sababu yake. Kama hakuna sababu, au sababu yenyewe ni ya nchi nyingine, weka alama ya kuuliza pembeni.

Tatu, tafuta bei za zamani. Magazeti huchapisha bei za hisa, na maktaba kama McMillan iliyoko Barabara ya Banda huhifadhi magazeti ya miaka iliyopita. Wanafunzi wawili wenye subira, mmoja akisoma na mwingine akiandika, wanaweza kukusanya Januari 20 katika siku chache za likizo.

Nne, igawe miaka yako mafungu mawili. Fungu la kwanza litumie kuitazama kanuni. Fungu la pili usiliguse hadi siku ya mtihani. Mwalimu hatungi mtihani kwa kutumia mifano ile ile aliyokwisha kuifanya ubaoni.

Tano, ondoa ada katika kila ununuzi na kila uuzaji, hata kama hilo linakuuma.

Sita, futa mwaka ule bora kuliko yote kisha uhesabu tena. Kama faida yote inatoweka, ulichokuwa nacho ni mwaka mmoja wa bahati.

Saba, linganisha na njia nyepesi: kununua na kutulia, au kuweka fedha katika ushirika wa akiba na mikopo au hati za hazina za serikali. Kanuni isiyoshinda uvivu haina haja ya kukusumbua.

Nane, andika idadi ya kanuni ulizojaribu. Kama hii ni ya kwanza, ipe heshima kidogo. Kama ni ya 40, mkumbuke yule mwanafunzi wa twiga.

KALENDA IPI YA KUFUATA?

Haina maana kwamba mwenye hisa aitupe kalenda. Zipo tarehe zenye sababu wazi. Mabenki mengi ya Kenya hufunga hesabu zao tarehe 31 Desemba na kutangaza matokeo kufikia Machi. Safaricom hufunga mwaka wake tarehe 31 Machi na kutangaza matokeo Mei. Tarehe hizo zinafaa kuandikwa ukutani, kwa kuwa siku hizo ndipo utajua kampuni imepata faida gani na itagawa nini.

Lakini hata hapo kuna mtego wa mwenye haraka. Wengine hununua hisa kabla tu ya kufungwa kwa daftari la wanahisa, wapokee mgao, kisha wauze. Tufanye hesabu. Hisa ni shilingi 20 na mgao ni shilingi 1. Kwa shilingi 10,000 unapata hisa 500 na mgao wa shilingi 500, ambao hukatwa kodi ya asilimia 5 ukabaki 475. Daftari likishafungwa, anayenunua baada yako hapati mgao huo, basi bei kwa kawaida hupungua kwa kiasi kinachokaribiana nao, tuseme hadi shilingi 19. Hisa zako sasa ni shilingi 9,500. Ada ya kununua ilikuwa 200 na ya kuuza ni 190. Jumla uliyobaki nayo ni 9,585. Umepokea mgao na bado umepoteza shilingi 415.

Kwa wale akina mama kumi na shilingi zao 10,000, mambo si magumu. Fedha zinazohitajika Februari kwa karo zisipelekwe katika hisa Desemba, kanuni iwe imepimwa au haijapimwa, kwa sababu mwezi mmoja hautoshi kusubiri bei iliyoanguka iinuke. Fedha ambazo hazina kazi kwa miaka kadhaa ndizo zinazoweza kwenda sokoni, na ziende kwa kampuni ambayo hesabu zake zimesomwa na kujadiliwa kikaoni.

Na kama bado kuna mwanachama anayeamini kwamba amegundua mwezi wa baraka, msimkatize. Mpeni daftari la kurasa 96. Mwambieni aiandike kanuni yake leo, aweke tarehe, kisha kwa miaka miwili anunue na kuuza katika karatasi tu, akiondoa ada kila mara. Daftari hilo lisomwe katika mkutano mkuu mbele ya wote. Ikishinda, chama kitakuwa kimechelewa miaka miwili. Ikishindwa, itakuwa imewagharimu bei ya daftari moja na kalamu.